Zamu za Dirishani

Dirisha la kusini ni moja, mimea ni kumi na mmoja,
na jua la Desemba hapa Yakutsk
huchungulia kama mdai aliyekosea mlango,
kisha huyoo, limekwenda zake.

Kwa hiyo nimepanga zamu.
Mimi ni muuguzi, zamu nazijua.
Mshubiri asubuhi, kwa kuwa hana makuu.
Jeranio saa sita, mwanga ukiwa kamili,
maana akikosa hurefusha shingo na kuninunia.
Mpira, lile jitu la kona, namgeuza robo kila Jumapili
asije akakua kibiongo.
Mume wangu Erkin huuliza,
"Wagonjwa wa wodini hawakutoshi?"
Hawanitoshi.

Kumwagilia ni kwa kidole.
Nakichomeka udongoni hadi pingili ya pili:
kikitoka kimegandwa na udongo, nasubiri;
kikitoka kikavu, namimina maji yaliyolala ndooni tangu jana,
kwani ya bombani hushtua mizizi.
Kipimo kingine sikiamini.
Wengi niliowazika niliwazamisha mwenyewe,
kwa huruma, birika mkononi.

Kununua nako ni vita.
Januari, nyuzi hamsini chini ya sifuri,
ua hufa kabla hujavuka barabara.
Huyu wa urujuani nilimvika magazeti manne,
nikamtia ndani ya koti la manyoya,
nikapanda basi nimevimba mbele.
Kijana mmoja akaniachia kiti.
Nilikaa. Ningesemaje?

Muuzaji, Bi Matryona, alimwita Uzambara.
"Ni jina la nini?"
"La ua."
"Na kabla ya ua?"
Akainua mabega, akanirudishia chenji.
Tangu hapo, kila nikimwita,
ulimi wangu huenda mahali nisipopajua,
mahali pa ukungu, nadhani,
kwa jinsi majani yake yalivyovaa vinyweleo
na yasivyotaka tone la maji mgongoni.

Februari, usiku, bomba la mtaa likapasuka.
Radieta zikapoa kama mkono ambao nimeshika mara nyingi kazini,
na barafu ikachanua kwenye kioo, upande wetu.
Karibu na jiko la umeme palitosha vyungu vinne
na binti yetu Dayaana ndani ya mablanketi.
Hapo ndipo unapojua unampenda nani.

Nilidhani ningeanza na Uzambara.
Mkono ukaenda kwenye kopo la mtindi,
kwenye kijiti chenye majani mawili na nusu
nilichokivunja kwa siri kwenye korido ya daktari wa meno
(huku kwetu husemwa mche wa kuiba ndio unaoshika).
Hakijawahi kunipa ua.
Hata jina lake silijui.
"Mbona huyu mbaya?" akauliza Dayaana.
Nikamwambia, "Mshike vizuri."

Wa pili, mshubiri. Wa tatu na wa nne sikumbuki nilivyowachagua;
gizani, vidole vimekufa ganzi, unachukua kilicho karibu
na baadaye unatafuta sababu.

Kulipokucha jeranio alikuwa mboga iliyochemshwa.
Mpira alipukutisha majani saba, nikayahesabu mara mbili.
Uzambara alilala chali juu ya kingo ya chungu,
maua yote meusi,
ila jani moja la chini, lililojificha nyuma ya pazia,
lilikuwa bado gumu.
Nimelisimamisha kwenye glasi, kikonyo majini.
Wiki ya tatu sasa. Kuna kitu cheupe pale chini,
chembamba kama uzi wa kushonea jeraha.
Sisemi kwa sauti.

Zamu zimebadilika.
Saa sita ni ya kopo la mtindi,
na glasi inasimama kando yake, haipigwi na jua moja kwa moja.

Jana nimeamka kunywa maji
nikamkuta Erkin jikoni, taa haijawashwa,
kidole chake udongoni, pingili ya kwanza.
Tukatazamana.
"Ya pili," nikamwambia,
nikarudi kulala.